Mchuzi wa Uzee

Kavaliere Bracali, tuliyemwita kwa cheo chake cha heshima, hakuwahi kukaa kwenye kiti cha jikoni kwa Argia bila kwanza kutandika gazeti. Alilikunja mara mbili, akaliweka, akajishusha polepole kama mtu anayekalia mayai, na akiondoka aliliacha palepale, wenye nyumba wajue cha kulifanyia. Bibi Zelinda, mama mkwe wa Argia, ndiye aliyeliokota. Hakulitaka la kusoma. Aliwashia jiko, na kila mara alihakikisha ukurasa uliokaliwa ndio unaotangulia motoni.

Jumanne ile Kavaliere hakukaa. Alisimama katikati ya jikoni, kofia mkononi, biri mdomoni, akaitazama meza.

Meza ilikuwa imejaa. Masanduku madogo ya mbao, yale ya kuwekea pete, barua na lozi za sukari za harusi, yalipangwa kwa hatua zake. Upande mmoja meupe, yaliyotoka kupakwa chokaa na gundi na Settimio, mume wa Argia. Katikati yale ambayo Argia ameshayachora: uso wa mtakatifu uliobaki nusu, mkono usio na mwenyewe, tawi la komamanga. Mwisho yale ambayo binti yao Ornella ameyasugua kwa msasa pale ambapo vidole vya watu vingekuwa vimepita kwa miaka mia nne. Ukishika moja lililokwisha, ungeapa ni kipande cha ukuta wa kanisa kilichobanduliwa na kutiwa kifuniko. Mtaa wetu mzima hapa Lastra uliifanya kazi hiyo, jikoni, kati ya sufuria ya maharage na nguo zilizoanikwa, na kwenye maduka ya Florence masanduku yaliuzwa kwa jina la Karakana ya Bracali. Karakana hiyo hakuna aliyewahi kuiona, kwa sababu haikuwepo.

"Ijumaa nina mgeni," Kavaliere akasema. "Mnunuzi kutoka Munich, Bi Lindauer. Anataka kuona karakana."

"Karakana ipi?" Settimio akauliza, bila ubaya wowote.

"Yangu, Settimio."

"Aa," akasema Settimio, akakohoa.

"Nimepaka rangi chumba cha zamani cha kukamulia zeituni, pale nyumbani kwangu. Madirisha makubwa, mwanga wa kutosha. Kinachokosekana ni meza. Naitaka hii, kama ilivyo, na kila kilicho juu yake. Vijana wangu watakuja kuibeba."

Argia aliweka brashi chini. Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, mwenye chokaa kwenye kucha isiyotoka hata siku ya Pasaka. "Na mimi nije saa ngapi kuchora?"

"Mchoraji nimeshampata. Mzee Ottorino."

Ornella alipasuka kicheko. "Ottorino wa kwaya ya opera? Yule hata mafuta kwenye mkate anapakiwa na dada yake!"

"Ana ndevu," Kavaliere akasema, bila kucheka. "Mtu wa Munich akija huku kutafuta fundi mkuu, anataka ndevu nyeupe. Hataki mwanamke mwenye kandambili na harufu ya vitunguu. Soko sikuliumba mimi."

"Na sisi?"

"Wewe na mama mkwe wako mtaleta kahawa. Aproni nitawapa, nyeupe. Mnaingia na trei, mnasimama ukutani mpaka muitwe. Hamsemi kitu. Mgeni akiwauliza, mnatabasamu. Sitaki kusikia hata 'karibu'."

Argia alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama kawaida yake akitaka kusema jambo zito. "Na kile kitabu, Kavaliere?"

Kila mtu mtaani alijua ni kitabu gani. Sheria ilishasema kwamba anayefanyia mtu kazi nyumbani kwake ni mfanyakazi kama wa kiwandani: aandikishwe, apewe kitabu cha kazi, apigiwe mihuri, ili akiugua atibiwe na akizeeka apate chochote. Sheria ilisema hivyo kwenye gazeti lilelile alilokuwa akilikalia. Settimio alikuwa ameungua mapafu kwenye tanuri la matofali, na tanuri lilipofungwa ilionekana hakuna muhuri wake hata mmoja. Siku hiyo Argia aliapa yeye hatazeeka hivyo. Kila mwezi aliuliza, na kila mwezi aliambiwa mwezi ujao.

"Kitabu, kitabu!" Kavaliere akapuliza moshi. "Haya. Ijumaa ikipita salama, Jumatatu nakuandikisha. Nimesema. Lakini nisikilize vizuri. Ukifungua mdomo mbele ya yule mama, hata kupiga chafya, kitabu sahau, na kazi sahau. Kuna jamaa kule Empoli ana mashine inachapa watakatifu kwenye karatasi. Unalowesha, unabandika, umemaliza. Haiombi kitabu."

Akageuka kwenda mlangoni. Argia akaanza kuondoa mezani vitu visivyofaa kuonekana: kijiko, ganda la yai, na kikombe.

Kikombe hicho kilikuwa cha harusi ya Bibi Zelinda, kizito, chenye ukingo wa dhahabu, cha mwisho kubaki kati ya vyote alivyopewa. Hakikunywewa tena. Argia alikitumia kwa mchuzi wa uzee, maana hakikupinduka kirahisi. Ndivyo walivyouita: chicha ya kahawa iliyochemshwa mpaka ikawa nyeusi kama lami, nyongo ya ng'ombe kutoka kwa muuza nyama ili ipenye kwenye nyufa, na gundi ya ngozi ya sungura iliyobaki chini ya sufuria. Unachovya kitambaa, unaupitisha mchuzi juu ya sanduku jipya, unafuta, na nyufa zinabaki na giza la karne nne.

"Acha!" Kavaliere akasema kutoka mlangoni. "Kikombe kibaki."

"Lakini hiki, Kavaliere, siyo cha..."

"Nimesema kibaki. Kikombe ndicho kinachoonyesha kwamba hapa kuna binadamu anafanya kazi. Nyie watu hamwelewi kitu kuhusu kuuza."

Argia alimtazama mama mkwe wake. Bibi Zelinda alikuwa akichambua maharage, na hakuinua kichwa.

"Kirudishe, mwanangu," akasema. "Mwenye karakana amesema."

*

Walipokaa kula Alhamisi, walikula wameweka sahani magotini, maana meza ilishafungwa kamba tayari kwa safari. Settimio alimega mkate, akauchovya kwenye maharage, akaurudisha.

"Usiende," akasema.

"Naenda."

"Utasimama ukutani na trei, yule mzee aguseguse brashi zako?"

"Nitasimama hata kwenye dari nikipewa kile kitabu. Baba Ornella, wewe unakohoa mpaka majirani wanaamka. Mimi nikianza kukohoa, nani atatulipia?"

"Mama, ni aibu," Ornella akasema. "Kwa kazi yako mwenyewe! Mimi ningemwagia trei."

"Wewe una miaka kumi na tisa. Kumwaga trei ni rahisi. Kuokota vipande ndiyo kazi."

Bibi Zelinda alikuwa amemaliza, anaifuta sahani kwa ganda la mkate. "Babu yake Bracali huyu," akasema, kana kwamba ameulizwa, "alikuwa na biashara ya kofia za majani. Mama yangu alisuka majani yale mpaka vidole vikapasuka. Wakampunguzia ujira, akasuka. Wakampunguzia tena, akasuka. Mara ya tatu wanawake wa huku wote wakatoka, wakalala kwenye reli za tramu, ili shehena isipite. Babu yake alikuwa ndani ya tramu. Alichungulia dirishani akasema, piteni juu yao."

"Wakapita?"

"Dereva alishuka akakaa chini, akala vitunguu vyake. Alikuwa na dada mle relini." Zelinda akaweka sahani chini. "Mimi nilikuwa tumboni kwa mama. Kwa hiyo na mimi nililala."

"Walishinda, bibi?"

"Kidogo. Waliongezewa kidogo. Ukishinda kidogo unabaki na nguvu ya kurudi."

"Mimi silali kwenye reli yoyote," Argia akasema, akikusanya sahani. "Mimi napeleka kahawa."

*

Waliingilia mlango wa nyuma, ule wa kuku. Aproni zilikuwa na herufi za jina zilizotariziwa kifuani, za mtumishi wa zamani aliyeitwa sijui nani. Ya Zelinda ilimfika kwenye vifundo vya miguu.

Chumba cha zeituni kilipendeza, hilo tusimnyime. Kuta nyeupe, mwanga, na ua wenye limau kwenye vyungu vikubwa ukionekana dirishani. Katikati, kwenye mwanga wenyewe, ilisimama meza ya jikoni kwa Argia, na alipoiona akahisi kama mtu aliyemkuta mama yake mzazi anaonyeshwa kwenye maonyesho ya mifugo. Brashi zake zilipangwa kwa urefu kama vyombo vya daktari wa meno. Kikombe chenye ukingo wa dhahabu kiliwekwa mbele kabisa, kwenye kitambaa cha lasi.

Nyuma ya meza alikaa Mzee Ottorino, kofia ya mahameli kichwani, ndevu zimechanwa. Alipomwona Argia aliinamisha uso.

"Dada Argia," akanong'ona, "nisamehe. Wameniahidi chakula cha mchana."

"Kula, mzee. Kosa si lako."

"Hii brashi nashikaje?"

"Shika mti. Usishike manyoya."

"Na nikiulizwa?"

"Mimi nimekatazwa kusema," Argia akasema, akaenda kusimama ukutani.

Bi Lindauer aliingia na Kavaliere. Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, viatu vya kutembelea, miwani ikining'inia shingoni kwa uzi. Kiitaliano chake kilikuwa kama njia yenye mashimo, lakini alipita. Aliwasalimu wanawake wawili wa ukutani. Wakatabasamu, kama walivyoagizwa.

"Fundi wangu mkuu," Kavaliere akasema. "Ukoo wao umechora tangu enzi za mababu."

Ottorino aliinama, akagusa shavu la mtakatifu kwa brashi kavu. Akaligusa tena. Na tena palepale.

"Nzuri sana," Bi Lindauer akasema. Alichukua sanduku, akalipindua, akapitisha kidole gumba juu ya nyufa. "Hii fanya vipi? Hii, pasuka, na nyeusi ndani?"

Ottorino alimtazama Kavaliere. Kavaliere alicheka kwa sauti kubwa.

"Hiyo ni siri ya nyumba, bibi! Siri huwa haiulizwi mbele ya watu."

"Mimi nunua mengi," Bi Lindauer akasema. "Watu watauliza mimi."

"Ni muda," Kavaliere akasema. "Muda na upendo. Sisi hapa hatuna bosi na mfanyakazi. Sisi ni familia. Mimi na fundi wangu tunakula sahani moja, tunakunywa kikombe kimoja. Siyo, mzee?"

"Kikombe kimoja," Ottorino akajibu kwa sauti yake nzito, kama alivyoagizwa kukubali kila kitu.

Na Kavaliere, ili neno lisibaki neno tupu, akanyoosha mkono kwenye kitambaa cha lasi, akashika kikombe chenye ukingo wa dhahabu.

Watu wanauliza mpaka leo kama Argia angeweza kumzuia. Angeweza. Alikuwa hatua chache tu, mdomo anao, na sauti anayo, maana yeye ndiye anayewaita wanaume wa mtaa mzima kutoka baa. Kilichohitajika ni neno, na neno ndilo alilokatazwa. Alivuta pumzi. Hapo akahisi kiatu cha mama mkwe wake kikitua juu ya kiatu chake, taratibu, na kubaki hapo.

Bracali alikunywa. Siyo kuonja, alipiga funda la mtu anayetaka kuonekana. Pua yake ilikuwa imekaushwa na biri miaka mingi, haikumwambia kitu. Ulimi ndio uliomwambia. Macho yakatoka. Shavu moja likacheza. Lakini mgeni alikuwa anamtazama, na huwezi kutema kahawa ya familia yako mwenyewe mbele ya mtu wa Munich. Akameza.

"Kali... kidogo," akasema.

"Kahawa ya fundi!" Bi Lindauer akafurahi, akanyoosha mkono. "Mimi pia onja?"

Na Kavaliere akampa. Nataka mlikumbuke hilo. Alijua sasa kwamba kilichomo siyo kahawa, kilikuwa kinamshuka kooni, na akakinyoosha kikombe kwa mgeni badala ya kukiri kwamba hajui kilichopo kwenye meza ya karakana yake.

Argia alitoa mguu wake chini ya kiatu cha Zelinda.

"Usinywe, mama," akasema.

Kavaliere aligeuka. Jicho alilomtupia lilikuwa kitabu kizima kikichanwa. Argia aliliona jicho hilo, akaona na Jumatatu ikiondoka, na mihuri, na uzee wake wote. Mgeni alikuwa ameshaleta kikombe karibu na mdomo.

"Weka chini, nakuomba. Hiyo siyo ya kunywa. Ni ya kuzeesha masanduku. Ina nyongo ya ng'ombe."

Bi Lindauer alishusha kikombe. "Wewe jua vipi?"

"Kikombe ni chetu." Argia akaona hakuna faida ya kuchinja nusu. "Na meza ni yangu. Haya nimechora mimi. Chokaa kapaka mume wangu, anakohoa nyumbani. Kusugua kasugua binti yangu. Karakana ni jiko letu. Na huyu mzee ni mwimbaji."

"Besi," Ottorino akasahihisha kwa adabu, akavua kofia ya mahameli. Akasimama, akasogeza kiti. "Kaa, dada. Kiti chako hiki. Mimi mgongo umeniuma kwa kujifanya."

"Huyu mwanamke," Kavaliere akaanza, "huyu mwanamke ni wa usafi, ana matatizo ya..." Hakumaliza. Alifunika mdomo kwa leso yenye herufi zake na akatoka mbio uani. Kupitia dirisha kubwa, lile la mwanga wa kutosha, wote walimwona akikumbatia chungu cha limau.

Bi Lindauer alitazama, akavaa miwani, akatazama kucha za Argia. "Kwa nini wewe beba trei?"

"Niliahidiwa kitabu cha kazi."

Mgeni alitikisa kichwa, hakuelewa, au alielewa na haikumhusu. Msidhani alikuja kuokoa mtu. Watu kama yeye huja kununua. "Kitabu, hiyo ninyi na yeye," akasema. "Mimi taka masanduku, mengi, kabla ya Krismasi. Kutoka mkono huu." Aliligonga sanduku kwa kucha. "Yeye taka onyesha mimi mengine, ya karatasi, ya mashine. Hapana. Ya karatasi nayo nyumbani." Akamwambia Kavaliere vilevile, kwa sauti, alipoingia ameegemea ukuta, rangi yake ikiwa kama chokaa ya kwanza ya Settimio.

Bibi Zelinda alikuwa ameweka trei chini na kuvua aproni. "Kahawa ya kunywa ni hii hapa," akamwambia mgeni. "Tumeileta bado ya moto."

*

"Vijana wangu hawabebi!" Kavaliere alifoka kutoka kwenye ngazi. "Mje muichukue wenyewe takataka yenu! Na kitabu kaombeni kwa Bikira Maria!"

Wakaichukua wenyewe. Ornella alikuja mbio kutoka nyumbani, Argia akashika mbele, na nyuma, pamoja na Ornella, alishika Mzee Ottorino, aliyekosa chakula cha mchana. Masanduku waliyaacha juu ya meza yamefunikwa kwa shuka. Bibi Zelinda alitangulia, akiwa amebeba kikombe kwa mikono miwili kama padri siku ya maandamano.

Ilikuwa mchana, madirisha wazi, kila jiko likinuka gundi.

"Argia!" Iole, jirani, alitoa kichwa. "Umefukuzwa?"

"Nimejifukuza."

"Alikunywa," Bibi Zelinda akasema.

"Nani kanywa nini?"

"Kavaliere. Mchuzi."

Iole alishika fremu ya dirisha. "Wa uzee?"

"Funda zima. Akampa na mgeni."

Kicheko kilianza kwa Iole, kikavuka kamba ya nguo, kikaingia kwenye mlango wa pili, wa tatu, kikawafuata mpaka mwisho wa mtaa. Ottorino, kwa kuwa alishazoea kufuatwa na sauti za watu, alianza kuimba, na meza ikapanda kilima kwa mapigo yake.

Lakini ilipofika jikoni na kurudishwa mahali pake, Argia alikaa, mikono mapajani. "Nimeiua nyumba," akamwambia Settimio. "Neno moja, na nikaongeza mengine kumi."

Settimio aliikagua meza, akakuta mguu mmoja umelegea, akaenda kuchukua nyundo. "Ungemwacha yule mama anywe nyongo?"

"Hapana."

"Basi." Akapiga msumari. "Na umenisimulia kwamba anataka kabla ya Krismasi. Kutoka mkono huu. Alisema mbele ya Kavaliere?"

"Alisema."

"Mkono ni wako au wa Bracali?"

Argia alitazama mikono yake. Alikuwa bado anaitazama, ndipo Iole akaingia bila kubisha, ameshika sanduku jeupe lisilochorwa, na nyuma yake wengine, aproni zao zina chokaa, mpaka jiko likajaa na wa mwisho wakabaki kwenye ngazi.

"Mimi pia sina kitabu," Iole akasema. Akaliweka sanduku mezani. "Hili silipaki mpaka nikipate. Wewe je?"

"Na mimi," akasema mwingine kutoka kwenye ngazi. "Tena na mama yangu, ana sabini, bado anasugua."

"Nani atakwenda kumwambia?"

"Hakuna anayekwenda popote," Bibi Zelinda akasema kutoka kwenye jiko lake. "Safari hii hatuhitaji reli. Tukae tu."

*

Wakakaa. Mtaa uliacha kunuka gundi, ukaanza kunuka chakula tu, na watoto wakauliza kuna sikukuu gani. Vijana wa Kavaliere walikuja na mbao, wakarudi nazo. Walikuja na maneno matamu kwa nyumba moja pembeni. Nyumba hiyo ilikuwa na njaa kuliko zote, lakini iliwafungia mlango. Tulikula maharage bila mafuta, na sisemi ilikuwa rahisi. Settimio alikohoa. Argia aliamka kila asubuhi, akafuta meza isiyo na kitu, akakaa mbele yake. Wanawake walipopita dirishani kumchungulia, walimkuta amekaa wima.

Kisha Bracali akaja mwenyewe. Alikuwa na mkoba wa karatasi chini ya kwapa na gazeti mkononi. Jiko lilijaa mara moja.

"Munich wamepiga simu," akasema.

"Karibu, Kavaliere," Argia akasema. "Sasa naruhusiwa kusema karibu?"

Alitafuta kiti, akaanza kukunja gazeti. Bibi Zelinda akalichukua mkononi mwake kwa upole, kama mtu anayempokea mgeni koti. "Nikutunzie," akasema, akafungua mlango wa jiko, akalitia ndani zima. Likashika moto. Kavaliere alitazama kiti, akatazama watu, akakaa juu ya mbao tupu.

"Vitabu hivi hapa," akasema. "Nimeleta cha Argia. Na cha Iole."

"Na vingine?"

"Vingine tutaona mwezi ujao."

"Basi na masanduku tutaona mwezi ujao," Argia akasema. Hakupandisha sauti. "Krismasi nayo itasubiri. Au unaonaje?"

"Wewe mwanamke umekuwa jeuri tangu lini?"

"Tangu nipewe ruhusa ya kusimama ukutani. Ukutani mtu anaona vizuri."

Ornella alicheka, na ngazi nzima ikacheka. Kavaliere alichomoa vitabu vingine kutoka ndani ya mkoba. Alikuwa navyo vyote, tangu mwanzo. Alikuja navyo vyote na akajaribu kutoa viwili. Nalisema hili kwa ajili ya wanaodhani watu kama yeye hubadilika. Baadaye mihuri ya kwanza ilikuja pungufu, tukamrudia, na atajaribu tena, na tutamrudia. Lakini siku ile alitoa kalamu.

Bibi Zelinda alikuwa amechemsha kahawa. Akamimina, akaiweka mbele yake, kwenye kikombe chenye ukingo wa dhahabu. Kimesuguliwa, kinang'aa, mvuke unapanda.

"Kunywa, Kavaliere," akasema. "Hatuna bosi na mfanyakazi hapa."

Bracali alitazama ndani ya kikombe. Ilikuwa nyeusi. Aliinusa, na pua yake haikumwambia kitu. Aliwatazama wanawake, mmoja mmoja, na wote walimtabasamia, midomo imefungwa, kama alivyowahi kuagiza.

Akaacha kikombe, akavuta vitabu, akaanza kutia sahihi. Alitia sahihi haraka, bila kusoma, jasho kwenye mdomo wa juu, kila kitabu alichomaliza kikipokelewa na mkono na kupitishwa nyuma mpaka kwenye ngazi. Cha mwisho kilipoondoka, alisimama, akavaa kofia, akatoka. Kiwiko chake kilikuwa kimesugua ndoo ya chokaa ya Settimio pale mlangoni, na alishuka nacho cheupe mtaa mzima.

Bibi Zelinda alivuta kikombe, akatia sukari vijiko viwili, akakoroga, akanywa mpaka chini.

"Bibi!" Ornella akasema. "Ilikuwa kahawa kweli?"

"Ya dukani, bora kabisa. Niliinunua kwa ajili yake." Akajifuta mdomo. "Hasara yake."

Argia alikuwa ameshafungua kitabu chake, akakifunga, akakipa Settimio akiweke mbali na maji. Akafunga kitambaa kichwani. Iole na wenzake walikuwa wanashuka ngazi wakiitana, na huko chini mtu alishaanza kuchemsha gundi.

"Mama," akasema, akanyoosha mkono, "nirudishie kikombe. Kuna masanduku yanasubiri kuzeeka."